Mke wa Jofrey Yuko Dunguni

Yusta hakuumbiwa kukaa. Mama yake, Faustina, husema hata siku ya kuzaliwa hakungoja mkunga anawe mikono. Pale Ipogolo, chini ya mlima wa Iringa mjini, malori yanapopumzisha injini, Yusta alikuwa na kigahawa cha kulishia madereva, na watu walimwita Kiguu na Njia. Alipika huku anahudumia, anahudumia huku anagombana na muuza mkaa, na chai yake aliinywa amesimama. Ukimwambia keti, anakuuliza kwani kuna msiba.

Sasa mtu wa namna hiyo akipata mchumba, jamani, mnategemea nini? Jofrey alikuwa mfanyabiashara wa mchele, akiuleta kutoka Ubaruku, kule Mbarali. Mchele wake ulinukia, na maneno yake yalikuwa matamu kuliko mchele. Kwao ni hukohuko Ubaruku, lakini alikuwa amepanga vyumba viwili Ilomba, jijini Mbeya. Alipotamka neno ndoa, Yusta alikuwa na miaka ishirini na tisa na mashangazi walishamchosha kwa maswali. Akakubali kabla sahani haijaondolewa mezani.

Mama Faustina akasema, "Mwanangu, ngoja wavune kwanza. Mpunga ukishaingia ndani, tutakwenda kwao, tule chakula chao, tuone nani anaingia jikoni na nani anatoka." Ni desturi ya zamani na ina akili yake, maana jiko halijui kuficha mtu. Yusta akauliza mavuno ni lini. Akaambiwa mwezi wa sita. Akasema yeye si kuku wa kuatamia mpaka mwezi wa sita.

"Haraka haraka haina baraka," mama akamwambia.

"Hiyo nimeisikia tangu darasa la kwanza, mama," Yusta akajibu, na alikuwa ameshavaa viatu vya kwenda kwa padre.

Kanisa nalo lina utaratibu wake, na utaratibu ulifuatwa. Matangazo ya ndoa yalisomwa Jumapili tatu, parokiani kwa Yusta na kigangoni kwa Jofrey, kwamba mwenye kujua kizuizi chochote ajitokeze aseme. Lakini ilikuwa mara baada ya Pasaka. Wakati huo Ubaruku mpunga unakuwa umeanza kujaa, na kwelea kwelea wanashuka kwa maelfu. Ukienda kusali asubuhi, ukirudi unakuta masuke matupu. Ndiyo maana kijiji kizima huhamia mashambani kuamia ndege. Kutwa nzima mtu yuko juu ya dungu, kile kichanja kirefu cha miti, anavuta kamba zilizofungwa makopo na kupiga kelele mpaka sauti inakauka. Katekista alikuwa mgeni, hajamaliza hata mwezi. Akalisoma jina la Jofrey mbele ya vikongwe wanne, wawili kati yao hawasikii. Kizuizi hakikusemwa. Nani angesema? Waliokijua wote walikuwa mashambani wanawatukana ndege.

Harusi ikafungwa Iringa, keki ikakatwa, Yusta akahamia Ilomba. Kigahawa akamwachia mama. Mwaka ukaenda. Jofrey alikuwa akiondoka wiki mbili mbili, anasema anashughulikia mpunga, na kila Yusta alipoomba kwenda naye aliambiwa kuna matope, kuna mbu, nyumba ya wazee imebomoka. Majira ya ndege yaliporudi, Jofrey akaaga tena. Yusta akakaa peke yake siku mbili. Siku ya tatu alishindwa. Akanunua sukari kilo tano na kitenge cha mama mkwe, akapanda gari. Mke gani, alijiuliza, anakaa mjini anapaka mafuta wakati ndege wanakula shamba la mumewe?

Alishuka Ubaruku jua limeshakuwa kali. Mwanamke mmoja alikuwa anasugua sufuria kwenye mfereji. Yusta akamsalimu, akamuuliza shamba la Jofrey wa mchele.

"Fuata huu mfereji," yule mama akasema. "Mke wa Jofrey yuko dunguni, utamwona tu."

Yusta akacheka. "Mke wa Jofrey ni mimi, mama."

Yule mama hakucheka. Alimtazama kuanzia ndala mpaka kilemba, akarudi kwenye sufuria yake. "Basi kamwambie na yeye," akasema.

Aliyemkuta shambani alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, amekaa peke yake juu ya dungu na kamba nne mkononi. Jina lake Esnath. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kupigia ndege kelele. Yusta, ambaye maneno hayajawahi kumpungukia tangu azaliwe, alisimama chini pale na sukari yake, mdomo wazi.

"Karibu," Esnath akasema. "Umetoka wapi?"

"Ilomba."

"Kwa Jofrey?"

"Ndiyo."

Kundi la ndege likashuka upande wa pili. Esnath akavuta kamba, makopo yakalia, akapiga kelele mpaka wakainuka. Ndipo akageuka tena. "Mimi nipo hapa mwaka wa kumi na moja huu," akasema. "Wewe?"

"Mwaka mmoja. Tulifunga kanisani."

"Yangu ilikuwa ya kimila. Ng'ombe wanne, na blanketi la mama."

Basi. Hawakutukanana, hawakushikana kanga. Yusta aliweka sukari na kitenge chini ya dungu akaondoka, uso unamwaka kwa aibu. Hasira ilimpata njiani, na ilipompata, ilimpata kwelikweli. Jofrey aliporudi Ilomba alikuta vyumba vimefagiliwa na kufuli mlangoni, funguo kwa jirani, mke keshafika Iringa.

Kuachana na Jofrey hakukumuuma sana, tuseme ukweli. Kilichomuuma ni jina. Pale Ipogolo habari hukimbia kuliko malori. Wiki haikuisha, wanawake sokoni wakawa wanamwita bi mdogo, na mmoja akasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba kuna watu wanauza wali na kuiba waume. Yusta alilia usiku ule mpaka mama yake akaogopa. Asubuhi akasema anataka karatasi, karatasi ya serikali yenye muhuri, itakayosema kwamba yeye hakuwahi kuwa mke wa yule mtu. "Si talaka, mama. Talaka ni ya aliyekuwa mke. Mimi nataka iandikwe kwamba sikuwa."

Kila aliyemuuliza akamwambia: ndoa ikiharibika, unaanzia baraza la usuluhishi la kata. Kiguu na Njia hakuuliza mara mbili, na hapo ndipo kosa lake la pili lilipozaliwa na kosa la kwanza. Kwa miezi saba alipanda na kushuka, Iringa kwenda Mbeya, Mbeya kurudi Iringa. Leo mjumbe mmoja ana msiba, kesho Jofrey hakutokea, keshokutwa ametokea lakini akidi haikutimia. Wazee wakamshauri asamehe, wanaume ndivyo walivyo. Yeye alikuwa anapimapima veranda ya ofisi ya kata kule Ilomba kwa hatua mpaka akajua ina hatua kumi na tisa. Na kila zamu yao ilipofika, karani alitoa kichwa mlangoni akaita, "Mke wa Jofrey!" Yusta akawa anainuka. Kila alipoinuka alijichukia, maana ilikuwa kama anakubali.

Mwezi wa nane wa mahangaiko hayo mtu akampeleka kwa Devota, msaidizi wa kisheria mwenye ofisi ndogo Iringa mjini, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi. Devota alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Nani alikutuma barazani?"

"Watu."

"Watu! Baraza ni la wanaotaka talaka. Linasuluhisha ndoa. Sasa wewe unasema ndoa haikuwepo, wakusuluhishie nini, hewa?"

Yusta alihisi kama amemwagiwa maji. Miezi saba! Devota akamwekea kiti, Yusta akakishika mgongo bila kukikalia.

"Sikiliza vizuri," Devota akasema. "Kuna ndoa ambayo ni ndoa, ila ina ufa, na mahakama inaweza kuibatilisha ukiomba. Mmoja hawezi tendo la ndoa, au amekataa kwa makusudi. Au siku ya kufunga alikuwa na ugonjwa wa akili au wa zinaa, mwenzake hajui. Au bibi harusi ana mimba ya mtu mwingine. Nyingine kati ya hizo zina muda wake. Ukichelewa, mlango umefungwa."

"Si yangu hiyo."

"Najua si yako, tulia. Kuna na ile ambayo ni batili tangu asubuhi yake, hata kama mlikata keki na askofu akawabariki. Umri haujafika. Mmeoana ndugu. Umelazimishwa. Au mmoja tayari ana ndoa nyingine. Mwanamume mwenye mke wa kimila hawezi kwenda kanisani kufunga ndoa ya mke mmoja na mwanamke mwingine. Sheria inasema hapo hakuna kitu. Wewe unakwenda mahakamani moja kwa moja, unaomba itamke hivyo."

"Basi ni hiyo!" Yusta alikuwa keshafika mlangoni.

"Rudi! Na Jofrey akikataa kwamba Esnath ni mkewe, utathibitishaje?"

Na kweli alikataa. Maombi yalipofunguliwa mahakama ya wilaya, Mbeya, Jofrey akaleta majibu ya maandishi: Esnath ni mwanamke waliyeelewana naye tu, akimlindia shamba, wala hajawahi kumwoa. Alikuwa na sababu. Kufunga ndoa juu ya ndoa ni kosa ambalo mtu anaweza kulilalia gerezani. Ndoa ya Esnath haikuandikishwa popote. Mshenga alikuwa amekufa. Baba yake Esnath alikuwa amekufa. Ndugu za Jofrey ghafla wote walipoteza kumbukumbu. Akabaki mtu mmoja tu duniani wa kusema, naye ni yule wa dunguni.

Yusta akarudi Ubaruku. Safari hii mpunga ulikuwa umevunwa, na Esnath alikuwa uani anapepeta. Walisalimiana vizuri. Yusta akamweleza kila kitu bila kupumua. Esnath akaendelea kupepeta.

"Jofrey alikuja juzi," akasema mwishowe. "Alikuja na soda. Ameniambia niseme hatukuoana, ati tuliishi tu."

"Anakudanganya!"

"Subiri, mdogo wangu. Kuna mtu hapa jirani anaitwa Saulo. Mgane, mkulima mwenzangu, mtu wa watu. Ameniomba. Nikisema sikuolewa, mimi niko huru siku ileile, naweza kwenda kwa Saulo. Nikisema niliolewa, mimi ni mke wa Jofrey, nimefungwa. Kamba unayotaka kuivua wewe, unataka niivae mimi mbele ya hakimu."

Yusta hakuwa amewaza hilo hata kidogo. Mwaka mzima aliwaza jina lake yeye. "Lakini si ndio ukweli, dada?" akasema, na sauti yake ilikuwa ya kuomba.

"Ukweli ninaujua. Ninachouliza ni utamlisha nani."

Hapo ilikuwa apige magoti au apige kelele. Hakufanya hata kimoja. Mikono yake haikuweza kukaa bure, akachukua ungo wa pili, akapepeta. Walipepeta mpunga wote uliokuwepo, pumba zikawajaa kichwani. Jua liliposhuka Yusta akajikung'uta, akamtajia tarehe na saa ya shauri.

"Utakuja?"

"Sijui," Esnath akasema. "Sitaki kukudanganya."

Siku ya shauri Yusta alifika kabla mahakama haijafunguliwa, akalizunguka jengo mpaka mlinzi akamuuliza kama amepoteza kitu. Mama Faustina alikuwa kwenye benchi na rozari yake. Jofrey alikuja na koti, ananukia. Saa tatu, Esnath hakuwepo. Saa nne, hakuwepo. Yusta akaitwa, akaapa, akatoa cheti cha ndoa, akaeleza kisa chote. Hakimu, mama wa makamo asiye na maneno mengi, akaandika, kisha akauliza kama ana shahidi.

"Anakuja, mheshimiwa."

"Yuko wapi?"

"Anakuja," Yusta akarudia, akiogopa hata kugeuka kuuangalia mlango.

Mlango ukafunguliwa. Esnath aliingia na kanga mbili na viatu vya plastiki vyenye tope la majaruba ya mpunga. Aliomba radhi kwamba gari liliharibika njiani. Akashika Biblia, akaapa. Yusta hakujua atasema nini, na nawaambieni, Jofrey naye hakujua, maana alikuwa anamchekea kama mtu na mwenzake.

Jofrey alijitetea mwenyewe. Zamu yake ya kuuliza ilipofika akasimama, akaweka koti sawa. "Esnath, sema ukweli mbele ya mahakama. Mimi na wewe si tulikuwa tunaishi tu?"

Esnath akamgeukia. "Jofrey, ulileta ng'ombe wanne. Mmoja alikuwa chongo. Baba akamkataa, ukarudi naye siku mbili njiani ukaleta mwingine. Mtu anayetaka kuishi tu anabadilisha ng'ombe chongo?"

Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza, lakini naye aliinamisha uso kidogo.

"Siku unafunga ndoa Iringa," Esnath akaendelea, na sasa hapakuwa na wa kucheka, "mimi nilikuwa dunguni kwako naamia ndege. Uliniaga unakwenda kutafuta magunia. Nilikufungia na viazi vya njiani. Mheshimiwa, huyu ameniambia nikisema sikuolewa nitakuwa huru. Nimewaza njia nzima. Lakini wanangu wanaitwa jina lake shuleni. Nikisema sikuolewa, nawaambia wanangu wao ni watoto wa mlinzi wa shamba, na baba yangu kule kaburini nimemfanya mtu aliyepokea ng'ombe wa bure. Mimi ni mke wake. Ndiyo hivyo."

Jofrey akakaa.

Baada ya wiki tatu hukumu ikasomwa. Mahakama imeona kwamba siku ile mjibu maombi alikuwa na ndoa ya kimila inayoendelea, na kwa hiyo ndoa ya Iringa ni batili tangu mwanzo, haikuwahi kuwepo kisheria. Mama Faustina alipiga vigelegele mpaka akatolewa nje. Padre akawaambia kanisa nalo lina mahakama yake jimboni, hiyo ni safari nyingine, lakini nakala hii itasaidia. Pale Ipogolo, Yusta aliibandika nakala ya hukumu ukutani juu ya meza ya sahani, madereva wakaisoma huku wanakula, na yule mama wa sokoni akaja akaisoma naye, akanunua chapati mbili, akaenda zake.

Ilipasa Yusta afurahi, na alifurahi, siku moja. Siku ya pili alipiga deki mara tatu. Siku ya tatu akaunguza maharage. Jioni akaisoma tena ile karatasi, akafika pale ilipoandikwa kwamba mke halali wa Jofrey ni Esnath, akasimama hapo. Akaona aibu ileile aliyoipata chini ya dungu.

"Unakwenda wapi tena?" mama akauliza asubuhi.

"Ubaruku."

"Kufanya nini? Si umeshashinda?"

"Da Esnath anahitaji talaka. Talaka lazima ipite barazani, wampe hati kwamba usuluhishi umeshindikana, ndipo aende mahakamani. Hajui pa kuanzia. Mimi najua." Akacheka kidogo. "Miezi saba nimesomea, mama."

Na kweli alijua. Alimwandikia Esnath barua ya malalamiko ya kupeleka barazani bila kufuta neno. Alimwambia achukue nakala tatu, aje na mashahidi wasio na misiba mingi, na alete chakula maana kungoja ni kazi. Siku ya kikao walifika mapema ofisi ya kata ya Ubaruku, wakakaa kwenye benchi la veranda, viazi vya kuchemsha katikati yao. Saulo, yule mgane, aliwapitia na baiskeli, akawasalimu kwa mbali kwa adabu, akaendelea na safari yake. Jofrey hakutokea. Yusta akamwambia Esnath ndivyo anavyofanya, asihangaike, wataandika kwamba ameitwa mara ngapi.

Saa saba karani wa hapo naye akatoa kichwa mlangoni. "Mke wa Jofrey!"

Miguu ya Yusta ilishaanza kuinuka, kwa mazoea ya miezi saba. Esnath akamwona, akamwekea mkono begani. Kisha akainuka yeye, akanyoosha kanga, akamkabidhi bakuli la viazi.

"Nitachelewa humo ndani," Esnath akasema. "Utaningoja?"

"Nitakungoja, dada," Yusta akasema, akaegemea ukuta, akanyoosha miguu, akakaa.